Rafu ya mwanamke Mkristo: nini kinabaki, nini kinatoka

Juu ya rafu kuna chupa ya mafuta ya zeituni, kibakuli cha chumvi ya mawe, ubani uliofungwa kwenye karatasi, mshumaa mweupe uliofika nusu, majani makavu ya rosmari, pakiti ya karata zenye picha ziitwazo tarot, na Biblia ambayo kurasa zake za Zaburi zimeanza kulegea. Mwenye rafu amebatizwa na anasali. Ameambiwa kwamba haya anayoyafanya na mimea na mishumaa ni uchawi, na sasa kila usiku analala na swali lilelile: avichome vitu hivi, au aache kanisa?

Kabla ya kuchoma chochote, tuvihesabu. Mafuta, chumvi, ubani na taa vimo katika ibada ya Biblia, vimetajwa kwa majina. Elisha alitupa chumvi kwenye chemchemi ya Yeriko na maji yakapona (2 Wafalme 2:19–22), na Kanisa la Magharibi lilipobariki chumvi ya kutia katika maji ya baraka lilimtaja Elisha huyohuyo ndani ya sala. Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la Hezekia (Isaya 38:21). Yesu alitema mate chini, akafanya tope, akampaka kipofu machoni (Yohana 9:6). Yoshua bin Sira, kitabu kilichomo katika Biblia za Wakatoliki na Waorthodoksi, anasema katika sura ya 38 kwamba Bwana ndiye aliyeziumba dawa zitokazo ardhini. Kwenye rafu nzima, mgeni ni karata tu. Nitazirudia.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi, kwa sababu hakikutia mambo yote katika kapu moja. Uchawi si uganga, uganga si uaguzi, na uaguzi si usihiri. Soma Kumbukumbu la Torati 18:10–11 katika tafsiri ya Union polepole, kidole kikifuata mstari: anayetazama bao, anayetazama nyakati mbaya, mwenye kubashiri, msihiri, anayeloga kwa kupiga mafundo, apandishaye pepo, mchawi, awaombaye wafu. Utaona kwamba hakuna jani hata moja lililokatazwa, wala jiwe, wala moto wa taa. Kinachokatazwa ni matendo, nayo yote yana mzizi mmoja: kupata ujuzi au nguvu kwa njia ya kumpita Mungu pembeni. Ndiyo maana mtu anayeuliza "je, rosmari ni uchawi?" hapati jibu. Aulize anaifanyia nini.

Lipo jambo la wanawake ambalo halitakiwi kupitwa haraka. Kutoka 22:18 husema "Usimwache mwanamke mchawi kuishi." Neno la Kiebrania pale, mekhashefa, ni la jinsia ya kike, katika Kumbukumbu 18 neno hilohilo limekuja kwa jinsia ya kiume. Wayahudi walioitafsiri Torati kwa Kigiriki waliandika katika Kutoka neno la kiume la wingi, na marabi wa Talmudi walisema sheria inawahusu wote wawili. Hata hivyo Ulaya ilipoanza kuwasaka wachawi, mstari huu ulisomwa kama hati ya kuwakamata wanawake. Mwishoni mwa karne ya 15 mtawa Heinrich Kramer aliandika katika Malleus Maleficarum kwamba neno la Kilatini la mwanamke, femina, limetoka katika maneno mawili yenye maana ya imani pungufu. Ni uongo mtupu wa kisarufi, lakini ulisomwa kwa muda mrefu. Wanahistoria wengi wanakadiria waliouawa Ulaya kuwa kati ya 40,000 na 60,000, na karibu robo tatu au zaidi walikuwa wanawake. Huko Salem, katika Marekani ya leo, mwaka 1692 walinyongwa watu 19, wanawake 14.

Salem ina tukio dogo ninalotamani kila Mkristo alijue. Watoto wa nyumba ya mchungaji Samuel Parris walipoanza kupatwa na mitukutiko, jirani yao Mary Sibley, muumini wa kanisa hilohilo, aliagiza itengenezwe keki ya unga wa nafaka uliokandwa kwa mkojo wa watoto wale, kisha apewe mbwa, ili mchawi ajulikane. Muda mfupi baadaye majina ya wanawake yakaanza kutajwa. Parris alimkemea mbele ya waumini, akasema huko ni kumwendea shetani kutafuta msaada dhidi ya shetani, na Sibley akaungama. Toba ile ilikuwa ya kweli, lakini majina yalikwisha kutajwa na hayakurudi. Ramli ya kumtafuta mchawi ndiyo iliyofungua mlango, nayo ilifanywa na mwanamke mwema mwenye nia njema.

Kwa hiyo sioni njia ya kusema "vyote sawa". Wala sioni haki ya kusema "vyote vitupwe". Kilicho cha kweli ni kazi ya kuchambua, kitendo kimoja kimoja.

Kipimo ninachokitegemea kinatoka kwa yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 (Luka 8:43–48). Mtazame vizuri. Alikuja kwa siri, kutoka nyuma, akiamini kwamba kugusa pindo la vazi kunatosha. Mtu akipenda anaweza kuita imani ile ya kichawi: nguvu imo katika nguo, nami nitaichukua bila mwenyewe kujua. Na alipona. Yesu hakumnyang'anya uponyaji wake wala hakuidharau nguo. Alisimama, akauliza ni nani aliyemgusa, akangoja mpaka mwanamke ajitokeze akitetemeka na kusema yote mbele ya watu. Kisha akamwita "Binti". Nguvu iliyochukuliwa gizani ikageuka kuwa uhusiano wenye jina. Pindo lilibaki pindo.

Basi chukua karatasi, uandike kitendo kimoja unachokifanya, si "mambo yangu ya mishumaa" bali kile hasa: unawasha nini, saa ngapi, unasema nini. Chini yake jibu maswali manne. Ninaongea na nani ninapofanya hivi? Je, ninaomba au ninaamuru, yaani nikinyimwa nitasema "mapenzi yako yatimizwe" au nitasema nilikosea hatua nirudie kwa nguvu zaidi? Kitendo hiki kinamwangukia nani, na yeye amekubali? Na nikiacha siku tatu, nitaingiwa na nini: ukiwa wa kukosa sala, au hofu kwamba ulinzi umekatika? Jibu la nne ndilo huwafichua watu wengi. Sala ikiachwa huleta kiu. Hirizi ikiachwa huleta hofu.

Tuupime mtungi wa asali, maana umeenea sana. Jina la mwanamume linaandikwa kwenye karatasi, karatasi inakunjwa kuelekea kwako, inatumbukizwa kwenye asali, kifuniko kinafungwa, mshumaa unawashwa juu yake, na Zaburi inasomwa. Zaburi ipo, ndiyo. Lakini jibu la kwanza halieleweki, la pili ni amri, na la tatu linaanguka kabisa: mtu mwingine anapindishwa moyo bila kujua. Kusoma neno la Mungu juu yake hakuukomboi mtungi huu. Kunaifanya Zaburi kuwa nyundo. (Na kwa upande wa jikoni, mshumaa unaowaka mpaka chini juu ya kifuniko cha chupa hupasua kioo, na moto huhamia mezani.) Yapo yanayoweza kubaki hapo: upweke wako na hamu yako ya kupendwa. Hivyo vinasemwa waziwazi: "Bwana, nampenda huyu. Kama hanipendi, mpe amani, nami unitunze." Usikilize mdomo wako unapoyasema hayo. Kama sehemu ya mwisho inakwama kooni, hapo ndipo palipokuwa na uchawi, wala haukuwa ndani ya asali.

Mshumaa mweupe wa kila jioni, kwa upande mwingine, hupita maswali yote manne mara nyingi. Uweke sehemu isiyo na pazia, juu ya sahani ya udongo au ya chuma, usome Zaburi moja kwa sauti, nyamaza dakika kumi, zima. Usiuongezee sharti la rangi, wala siku, wala mwelekeo. Masharti yanapoanza kuongezeka, mwangalie Nehushtani. Nyoka yule wa shaba alitengenezwa kwa agizo la Mungu mwenyewe na aliponya watu (Hesabu 21), ila miaka mingi baadaye watu walikuwa wakimfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja vipandevipande (2 Wafalme 18:4). Hata kilichotolewa na Mungu huvunjwa kikichukua kiti chake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 2111, inasema jambo hilohilo kuhusu sala na sakramenti zenyewe: kudhani kwamba zinafanya kazi kwa sababu tu ya kutendwa kwa nje, bila moyo, ni kuangukia ushirikina. Ndiyo, hata rozari inaweza kugeuzwa hirizi.

Mwezi una hali kama hiyo. Zaburi ya 81 inataka panda ipigwe mwandamo wa mwezi, na Pasaka yenyewe huangukia Jumapili baada ya mwezi mpevu unaoangukia Machi 21 au baada yake kwa hesabu ya Kanisa. Mwanamke anayeukagua moyo wake kila mwezi unapoandama hajaiacha imani, ametumia kalenda. Anayeuinamia mwezi na kuuomba amevuka alichokatazwa katika Kumbukumbu 4:19.

Karata sasa. Zilianza Italia katika karne ya 15 kama mchezo, na matumizi yake makubwa ya kubashiri yalishika kasi Ufaransa katika karne ya 18. Kwa asili yake, basi, ni picha za mchezo. Wapo wanawake wanaosema wanazitumia kama picha za kutafakari tu, na sidai kwamba wanasema uongo. Ila ninao mpaka mmoja: swali likiwa na maneno "itakuwaje" au "atarudi", hiyo ni ramli, hata kama hakuna aliyelipwa. Ishara nyingine ni kuchanganya tena na kutandaza mara ya pili kwa sababu jibu la kwanza halikupendeza. Anayetaka picha za kuutuliza moyo ana njia nzee zaidi: kipande kifupi cha Injili, kusoma, kutafakari, kuomba, kisha kukaa kimya, hatua nne ambazo watawa wamezishika tangu Zama za Kati. Kwa karata ushauri wangu ni zitoke. Mkono uliozoea kutandaza kwa kuuliza hauzioni tena kama picha.

Kuwaita wafu hakuna mlango wa kujadili. Hata hivyo, msome mwanamke wa Endori mpaka mwisho wa sura ya 28 ya 1 Samweli. Sauli aliwafukuza wenye pepo wa utambuzi, kisha usiku alikwenda kwa mmoja wao kwa kujificha. Baada ya kusikia kwa Samweli aliyekufa habari ya kutisha, mfalme ameanguka chini, hajala mchana kutwa na usiku kucha. Mwanamke anamkaribia, anamsihi ale. Alikuwa na ndama aliyenona nyumbani. Anamchinja upesi, anakanda unga, anaoka mikate isiyotiwa chachu. Mwandishi wa Biblia hakuhalalisha alichokifanya mwanzo. Lakini pia hakumfuta huyu mpishi wa usiku, wala hakumwita mnyama. Anayemhubiri mwanamke huyu akaiacha mikate ile, amekata maandiko.

Nije kwenye mafuta, maana hapa makosa ni mengi na yanaweza kuepukwa. Kutoka 30:23–25 hutoa kichocheo kamili: manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane (mwanzi wa harufu) 250, kida (gome linalofanana na mdalasini) 500, na mafuta ya zeituni hini moja, kipimo cha kale. Shekeli ikiwa gramu 11 na kitu, viungo peke yake ni kama kilo 17. Watu husoma hapo, wakapunguza vipimo, wakatengeneza chupa na kuiuza. Hawafiki mstari wa 33: atakayechanganya mfano wake atakatiliwa mbali na watu wake. Uvumba wa natafi, shekelethi, kelbena na ubani una katazo hilohilo katika mstari wa 38. Usivitengeneze. Kuna sababu ya mwili pia: mafuta ya kunukia yaliyokolea ya mdalasini na kida huunguza ngozi hata yakiwa machache.

Ya nyumbani yawe mepesi. Chupa ya kioo safi iliyokauka kabisa, vijiko vinne vya rosmari iliyokaushwa hadi inavunjika kati ya vidole, mililita 200 za mafuta ya zeituni, majani yazame yote. Funga, weka kabatini penye giza wiki nne, utikise kila baada ya siku mbili au tatu. Chuja kwa kitambaa bila kukamua sana, tia kwenye chupa ya rangi, andika tarehe, utumie ndani ya miezi sita. Kinachoharibu ni maji. Jani bichi au chupa yenye unyevu huleta ukungu na mapovu, na mbaya zaidi, bakteria wa botulizimu, wenye sumu inayoweza kuua, huzaliana palipo na unyevu pasipo na hewa bila kubadili harufu. Kwa hiyo majani mabichi na vitunguu saumu visiwekwe ndani ya mafuta ya kukaa kabatini. Yakinuka kuchacha, mwaga. Haya ni ya kupaka na kuombea, si ya kunywa.

Yakiwa tayari, omba juu yake kwa maneno yako, mpake mwanao kipaji cha uso kwa alama ya msalaba, mwombee. Usiiite Mpako wa Wagonjwa. Kwa Wakatoliki sakramenti hiyo hutolewa na padri au askofu tu, na Yakobo 5:14 humwambia mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Awaite, basi. Sala ya mama na ya wazee hazigombani, na dawa ya hospitali haigombani na zote mbili.

Mimea inadai adabu kuliko mishumaa. Paulo katika Wagalatia 5:20 ametumia neno pharmakeia, ambalo Union imeliandika "uchawi" na ambalo ndilo shina la neno famasia. Wengine hujitetea kwamba Paulo alimaanisha sumu tu. Siwezi kuuunga mkono utetezi huo. Neno lilibeba dawa, sumu na limbwata vyote kwa pamoja. Lakini kwa sababu hiyohiyo linatufundisha pa kuangalia: jani linalotumika kumdhuru au kumtawala mtu. Hildegard wa Bingen, mama mkuu wa watawa aliyefariki 1179, aliandika kuhusu mimea zaidi ya 200, na Papa Benedikto XVI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012. Mwanamke mwenye mitishamba hahitaji kuomba radhi. Anahitaji kujua kwamba pakanga na ruta havifai kwa mjamzito. Anahitaji kujua kwamba Hypericum, maua ya Mtakatifu Yohane ambayo Ulaya yalitundikwa mlangoni kufukuza mabaya, yakinywewa hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vya VVU, na ni hatari pamoja na dawa za sonona. Ubani kwenye makaa ufukizwe dirisha likiwa wazi, kwa sababu makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu.

Ninayo huzuni moja katika suala hili. Wanawake wengi hawakufuata karata. Walifuata mahali ambapo mikono yao inaruhusiwa kufanya kitu. Kanisani waliambiwa wakae, waimbe, wapike. Ila Hulda, nabii mwanamke, ndiye aliyeulizwa kitabu cha torati kilipopatikana (2 Wafalme 22:14), na Filipo alikuwa na binti wanne waliotabiri (Matendo 21:9). Mwenye karama ya kuota na kuona asikimbilie uaguzi, aipeleke mbele ya watu. Unabii huja bila kuitwa, hupimwa na wengine, wala hauna bei. Uaguzi huja kwa oda, hufanywa faragha, na hulipiwa. Yule kijakazi wa mji wa Filipi, mwenye pepo wa uaguzi, aliwapatia mabwana zake faida nyingi (Matendo 16:16). Kanisa lisilo na pa kumsikiliza mwanamke mwenye karama lisishangae akisikilizwa kwingine.

Kuhusu kujiita mchawi. Tangu Uingereza ilipofuta sheria yake ya uchawi ya 1735 mwaka 1951, Gerald Gardner na waliomfuata waliitangaza hadharani Wicca, dini yenye miungu yake. Mkristo hawezi kuishika bila kubadili anayemwabudu. Wengine hujiita wachawi kwa maana ya ufundi tu. Kwa Kiswahili sishauri. Mchawi kwetu ni anayeua na kuharibu, hakuna sauti ya pili ndani ya neno hilo, na wanawake wanaendelea kupigwa na kufukuzwa kwa kuitwa hivyo. Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu tuhuma hizi Julai 2021. Usijiite, na usimwite jirani.

Vinavyotoka vitoke kwa utaratibu. Karatasi zenye majina zitolewe kwenye asali na kuchanwa. Nywele au picha ya mtu iliyochukuliwa bila idhini yake isibaki ndani. Mafundo yafunguliwe. Karata na vitabu vya kuloga visiuzwe wala visigawiwe. Kisha mweleze mtu mmoja wa kanisa unayemwamini, kwa sauti, kama yule mwanamke wa pindo. Huko Efeso waliviteketeza vitabu vyao vya uganga vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha (Matendo 19:19), na Luka anaandika kwamba wenyewe ndio waliovileta. Hakutajwa mtu yeyote aliyetumwa kupekua nyumba zao.